Gemu za kugeuka umbo vitani: ipi ununue, ipi ukodi, ipi uweke kwenye simu

Jumamosi moja stima ilipotea Kondele, hapa Kisumu, saa moja jioni, na kijana wa bodaboda aliyekuwa kwenye mashine ya PS4 ya dirishani, kibandani kwangu ninapokodisha gemu, akapiga ukelele kama mtu aliyeporwa. Alikuwa kwenye Nioh 2, uso kwa uso na Mezuki, lile jitu lenye kichwa cha farasi linalokungoja mwisho wa misheni ya kwanza. Alikuwa ameshakufa mara tisa. Mara ya kumi ndipo alipokumbuka kubonyeza pembetatu na duara kwa pamoja. Akageuka zimwi, Mezuki akaanza kurudi nyuma, kisha giza.

"Omera, nirudishie dakika zangu," akaniambia.

Nilimrudishia. Tukatoka nje kupunga hewa tukingoja stima, na hapo akaniuliza swali ambalo wateja wangu huuliza kila wiki kwa maneno tofauti: "Sasa hiyo kitu kama ina nguvu hivyo, mbona hainiachi niitumie kila saa?"

Wiki hiyohiyo binamu yangu wa Nakuru alikuwa amenunua PS4 ya mitumba, na pesa aliyobakiwa nayo ilitosha CD moja tu. Yeye naye alitaka gemu ya kugeuka. Kwa hiyo nimeandika jibu moja la watu wawili, na wa tatu ni wewe uliye na simu peke yake.

Sisi tuliokulia kando ya ziwa tulilishwa hadithi ya Luanda Magere tangu utotoni. Shujaa wa Kano, mwili wake jiwe, mikuki ya Wanandi ikimgonga inapinda. Wakamletea binti yao awe mke. Siku Magere alipougua, akamwambia mke achanje dawa kwenye kivuli chake badala ya mwilini, na wembe ulipogusa kivuli, damu ikatoka. Mke akatoroka usiku kwenda kuwaeleza kwao, na vita iliyofuata mkuki ulilengwa kivulini. Kila gemu yenye mgeuko imepewa kivuli cha namna hiyo na walioiunda. Mteja akiniuliza ipi kali, mimi namtafutia kwanza kivuli kiko wapi, maana ndicho kitakachomuua.

Nianze na mbili ambazo watu hubishania zaidi hapa kibandani, Nioh 2 na Black Myth: Wukong.

Nioh 2 ilitoka Machi 2020 kwenye PS4, kazi ya Team Ninja wa Japani. Wewe ni nusu mtu, nusu yokai, yaani zimwi. Ukiua maadui unakusanya nguvu iitwayo Amrita, na kipimo chake kikijaa unaruhusiwa kugeuka. Kuanzia hapo mambo ni matamu. Damu yako, yaani uhai wako ndani ya gemu, haiguswi hata kidogo. Ukipigwa, kinachopungua ni kile kipimo, na kinaendelea kupungua chenyewe pia kwa muda. Kikiisha unarudi kuwa mtu ukiwa na damu ileile uliyokuwa nayo kabla ya kugeuka. Pumzi ya kupigana, ile wanayoiita Ki, nayo haikuishii ukiwa zimwi, na kwa gemu ambayo pumzi ikikuisha unasimama kama ng'ombe aliyefungwa, hilo ni jambo kubwa.

Maumbo ni matatu, na unapata lipi kulingana na roho mlinzi uliyemchagua. Brute ni mzito na hupiga kama nyundo. Feral ni mwepesi, anaingia na kutoka. Phantom anapendelea kukaa mbali kidogo. Chaguo hilo halihusu zile sekunde za kugeuka peke yake. Hata ukiwa mtu wa kawaida, umbo lako ndilo linaloamua utajibu vipi adui anapowaka wekundu na kurusha pigo kubwa: Brute anamgonga usoni pigo likija, Feral anapenya kumpita, Phantom anakinga. Wageni wengi hapa huchagua Brute kwa sababu ya sura. Mimi huwashauri Feral. Mkono ambao bado haujazoea hukosa muda wa Brute mara nyingi mno.

Kivuli cha Nioh 2 kiko kaburini. Ukifa, roho mlinzi anabaki pale ulipoangukia pamoja na Amrita yako, na bila roho hakuna kugeuka mpaka umfikie tena. Kwa maneno mengine, unapolemewa zaidi ndipo unapokuwa mikono mitupu. Ukifa tena kabla hujafika, ile Amrita imeenda.

Kuna kivuli cha pili ambacho si cha gemu ila cha mchezaji, na hiki nakiona kila siku nikiwa nimekaa nyuma yao. Wanakufa kipimo kikiwa kimejaa pomoni. Wanakitunza kama mtu anayeficha noti chini ya godoro hadi panya wanamwahi. Yule wa bodaboda alikufa mara tisa mbele ya Mezuki, na nilihesabu: mara sita kati ya hizo kipimo kilikuwa tayari kinawaka. Nikamuuliza alikuwa akingoja nini. Akasema alikuwa akingoja damu ya Mezuki ipungue kwanza, ammalizie. Ni hesabu ya kinyume. Geuka damu YAKO ikifika nusu, maana mgeuko huu kazi yake kubwa ni kukuazima damu ya ziada.

Sasa Wukong. Hii ni ya Game Science wa China, ilitoka tarehe 20 Agosti 2024 kwenye PS5 na kompyuta, na Xbox Series ikaipata mwaka uliofuata. Haiingii kwenye PS4, na ninasema hivi kwa sauti kwa sababu kuna watu wameniletea pesa mkononi. Umbo unaloingia humo lina mstari wake wa damu kabisa. Ya kwako inawekwa kando kama koti kwenye msumari, na umbo likipigwa hadi kuisha, au muda wake ukikatika, unarudi kuwa nyani ukiwa na damu uliyoiacha.

Umbo la mapema ni Red Tides, mbwa mwitu mwenye silaha ya ncha mbili inayowaka moto. Unalipata kwa kumshinda Guangzhi katika sura ya kwanza, naye hakai njiani. Anayekimbilia mbele humpita bila kujua, kisha anakuja kwangu kulalamika kwamba gemu ni ngumu kuliko ilivyosifiwa. Katika sura ya pili kuna Azure Dust, mtu wa mawe, na hapo ndipo wazee wa Kano wangecheka. Ni Magere mtupu: anatembea polepole, anapigwa hatetereki, na ngumi yake ikitua imetua. Nampenda kwa mabosi wanaorusha mapigo madogomadogo mengi. Kwa bosi anayerukaruka mbali nawe, jiwe hilo litabaki likipiga hewa.

Wukong inakutoza mana, yaani nguvu ya uchawi, ya kuingilia, halafu inakutoza kungoja. Ukishageuka na kurudi, lazima mgeuko upoe kabla hujauita tena, na ndani ya umbo unakuwa umeziacha mbinu zako za fimbo ulizozoea.

Hapo ndipo gemu hizi mbili zinapoachana. Katika Nioh 2 mgeuko unaulipia kwa kupigana, hivyo anayeshambulia huupata mara nyingi kuliko anayejificha. Katika Wukong kwa kawaida unaungoja saa, na saa haijui kama wewe ni shujaa au unazunguka mti. Mtu mwenye hasira ya kusonga mbele nampeleka Nioh 2. Mtu anayetaka kusoma adui polepole, akijua ana maisha ya pili mfukoni, nampeleka Wukong.

Na kama unalipia kwa nusu saa, Wukong inakufaa zaidi, ingawa kwangu PS5 ni shilingi 100 na PS4 ni 50. Ukifa unarudi kwenye madhabahu ya mwisho, maadui wanafufuka, lakini hupotezi ulichokusanya. Nioh 2 ukifa mara mbili dakika ya ishirini na nane, unaondoka ukiwa maskini kuliko ulivyoingia. Jambo moja la kibandani kabla sijaendelea: omba ufunguliwe akaunti yako kwenye mashine. Nimewahi kuona mtoto wa darasa la saba akisevu juu ya kazi ya mwezi mzima ya mtu mwingine, na kwa aibu yangu, mashine ilikuwa yangu.

Kingdom Hearts II ni habari nyingine kabisa. Ilitoka 2005 kwenye PS2, na kwenye PS4 ipo ndani ya mkusanyiko mmoja na ndugu zake, kwa hiyo CD moja inakupa gemu kadhaa. Mtu akiiona kwa juu, ina Donald na Goofy ndani, anasema ni ya watoto. Mwache aseme.

Ukarimu wake ni huu: shujaa wako Sora akiingia kwenye umbo lolote la Drive, ndivyo wanavyouita mgeuko humo, damu na mana vinajazwa vyote papo hapo. Ile peke yake inafanya mgeuko uwe chupa ya dawa inayopigana. Bei yake unalipa kwa wenzako. Valor, umbo jekundu la kupiga kwa silaha mbili zenye sura ya funguo, linamchukua Goofy, na hakuna uchawi ndani yake. Wisdom, la buluu, linamchukua Donald, na badala ya kupiga unarusha risasi ukiteleza. Master na Final yanawachukua wote wawili, unabaki peke yako uwanjani.

Ninachokiheshimu zaidi ni kwamba umbo likiisha linakuachia kitu. Kila umbo lina leveli zake, hadi 7, na kila moja hupandishwa kwa njia yake. Valor hupanda kwa idadi ya mapigo yanayotua, Wisdom kwa kuua maadui waitwao Heartless, Master kwa kuokota tufe za Drive, Final kwa kuua aina nyingine ya maadui, Nobodies. Na kadiri linavyopanda, Sora wa kawaida anapata sehemu ya uwezo ule: kuruka juu kutoka kwa Valor, mwendo wa kasi kutoka kwa Wisdom, kuruka mara ya pili hewani kutoka kwa Master, kuelea kutoka kwa Final. Katika gemu zote za orodha hii, hapa ndipo sekunde chache za kugeuka zinapobaki mwilini baada ya kuisha.

Kivuli chake kina jina: Antiform. Ukigeuka mara nyingi, gemu inaanza kukuhesabia kimyakimya, na siku moja unabonyeza Valor, anatoka mtoto mweusi mwenye macho ya njano anayetembea kwa miguu na mikono. Ana kasi ya kutisha, lakini hawezi kujitibu, hana uchawi, na huwezi kumtoa kwa hiari yako. Unamvumilia hadi kipimo kiishe. Wengine humchukia. Mimi namwona kama bili ya stima, utashangaa kiasi lakini huwezi kusema hukuwasha taa. Kutumia Final mara kwa mara kunapunguza deni hilo, ila Final lenyewe huja kwa kuchelewa.

God of War sitaiandikia mengi. Ile ya 2018 na Ragnarök ya Novemba 2022 si gemu za RPG tupu, yaani zile za kumkuza mhusika, ila zina leveli na mavazi ya kuboresha, na zote mbili zinaingia PS4. Unabonyeza vijiti vyote viwili vya analogi, shujaa wako Kratos anapandwa na hasira, anapiga kwa ngumi, na kila ngumi inamrudishia damu. Unaweza kuizima kabla haijaisha ukabakiza kiasi cha baadaye, na hilo ni jambo la busara. Ragnarök inakuongezea Valor, isiyohusiana na ile ya Sora, ambayo ni tendo la mara moja la kukinga na kujitibu, na Wrath inayotumia silaha. Kama mkono wako ni wa mwanzo kabisa, anza na Ragnarök na uchukue Valor. Kivuli hakipo cha kutisha, na labda ndiyo maana wateja wangu wanaimaliza na hawairudii.

Skyrim nilitaka kuiacha nje, lakini jirani yangu wa duka la vipuri hawezi kunisamehe. Ilitoka tarehe 11 Novemba 2011, na ipo kwenye karibu kila mashine. Ukijiunga na kundi la wapiganaji liitwalo Companions mjini Whiterun unapewa damu ya mbwa mwitu, na kuanzia hapo unageuka mara moja kwa siku ya ndani ya gemu. Mgeuko unadumu sekunde 150. Ukila maiti ya mtu unaongezewa 30, kwa hiyo unajikuta unapigana huku umeangalia chakula.

Kwa upande wa vita tupu, huu ndio mgeuko dhaifu kuliko yote niliyoyataja, na jirani yangu anajua hivyo. Unavuliwa silaha na mavazi, huwezi kunywa dawa wala kuokota kitu, na damu hairudi yenyewe. Leveli zikipanda, adui mwenye rungu zuri anakuchana. Raia wakikuona ukigeuka ni kosa, askari wanakuja. Hata hivyo siku ya kwanza jirani alipogeuka mbele ya mlango wa pango, akaona mikono yake mwenyewe ina kucha, alisimama kwenye kiti. Mteja aliyekuwa akingoja zamu naye akasimama. Hakuna aliyewahi kusimama kwa ajili ya Valor. Ukitaka umbo la kutumia kwa saa nzima bila kuhesabiwa sekunde, nyongeza ya Dawnguard ya 2012 ina Vampire Lord, anayekaa mpaka wewe useme basi, ila jua humdhoofisha. Kwa nusu saa ya kukodi usiiguse Skyrim. Nusu saa inaishia kwenye mazungumzo na muuza kabichi.

Haya, wewe wa simu. Genshin Impact ipo tangu tarehe 28 Septemba 2020 na kuipakua ni bure, lakini inakula nafasi kubwa ya simu na haichezwi bila intaneti, kwa hiyo weka bando kwenye hesabu tangu mwanzo. Watu wakiona video za Xiao wanampenda papo hapo. Anavaa kinyago, kwa sekunde 15 anaruka juu na kushuka kama radi, na muda wote huo damu yake inamvuja yenyewe. Ni mgeuko mzuri sana, na bei iko wazi. Tatizo ni kwamba Xiao hauzwi, anachezewa bahati nasibu. Mhusika wa nyota tano amehakikishwa kutoka ifikapo mara ya 90 ya kubahatisha, na hata hapo anaweza kutoka mwingine badala ya yule unayemtaka, ukaanza kuhesabu upya. Nimeona vijana wakituma pesa ya chakula cha mchana humo. Usifanye hivyo kwa sababu yangu.

Chukua Noelle. Bahati nasibu ya wanaoanza inakupa yeye kwa uhakika ndani ya kumi za kwanza, bila kulipa. Burst yake, yaani pigo lake kuu, si mgeuko wa sura, ila kwa sekunde 15 upanga wake unakuwa mkubwa kama mlango wa banda na unafagia kila kilicho mbele. Ngao yake huweza kumtibu akipiga. Ana nguvu ndogo kuliko Xiao, lakini yupo.

Na kama bando linakuuma kabisa, tafuta Castlevania: Symphony of the Night. Ni ya 1997, ikaja kwenye simu 2020, unalipa mara moja. Alucard anageuka popo, mbwa mwitu na ukungu, na kila umbo linanyonya mana kadiri unavyokaa ndani yake. Zaidi ni maumbo ya kupitia mahali kuliko ya kupigana, na vidole kwenye kioo si sawa na kontrola. Lakini kwenye matatu ya Busia, mtandao ukikatika, hiyo bado inacheza.

Kijana wa bodaboda nilimwambia aendelee na Nioh 2, abadilishe Brute achukue Feral, ageuke akifika nusu ya damu. Mezuki alianguka Jumanne iliyofuata, na kibanda kizima kilisikia.

Binamu naye nilimshauri Nioh 2, kwa sababu ana mashine yake na hakuna anayemhesabia dakika. Akanijibu kwamba watoto wake wanalala sebuleni ilipo TV, na hao mazimwi watawaamsha usiku. Nikamtumia Kingdom Hearts kwa matatu ya asubuhi, imefungwa kwenye gazeti. Wiki ya tatu alinipigia saa saba usiku, ananong'ona.

"Kaka, Sora amekuwa mweusi na hakubali kurudi. Nibonyeze wapi?"

"Umegeuka mara ngapi leo?"

Kimya. Nikasikia mtoto akikohoa nyuma yake.

"Usibonyeze kitu," nikamwambia. "Kimbia tu mpaka aishe."